Mgongo wa Mkwe

Kengele ya mlango ilipolia, Jedidah alikuwa anakaanga sukuma wiki. Alichungulia dirishani, akamwona Hemant ameshika kikapu cha maembe, na bila hata kuzima jiko akajitosa kwenye stoo ya vyakula na kuvuta mlango. Mama mzima, muuguzi anayeogopwa na wodi nzima, amesimama gizani kati ya gunia la viazi na ndoo ya unga, mwiko mkononi.

Wiki chache nyuma mambo hayakuwa hivyo. Hemant alikuwa mpiga dramu wa bendi yao ya nyumbani, na kwa miaka alikula ugali jikoni humo humo, akijipakulia sufuriani bila kungoja kukaribishwa. Zephaniah, mumewe Jedidah, alipuliza saksafoni, binti yao Dinah alipiga besi, na Jedidah mwenyewe aliimba. Kila Jumapili mchana walipiga jazz kwenye baa moja ya Thornton Heath, kusini mwa London, na watu walitoka mpaka Kilburn, upande wa pili wa jiji, kuja kuwasikiliza. Kisha Dinah na Hemant wakaenda ofisi ya ndoa, wakarudi mume na mke, na Hemant akageuka mkwe.

Kwao Jedidah, huko Vihiga, magharibi mwa Kenya, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, wala jina la mkwe halitajwi ovyo. Alilijua hilo tangu uchumba, lakini mtu hujua pia kwamba baridi inakuja na bado Desemba ikamkuta hana koti.

"Mama yuko wapi?" Hemant aliuliza. Wazazi wake walikuwa na duka Kisumu kabla ya kuhamia London, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko.

"Yupo," Zephaniah alijibu akizima jiko, sukuma imeshaungua. "Yupo sana. Keti."

Hemant hakuketi. "Mzee, niambie ukweli. Tangu tuoane hataki hata kuniona. Ni kwa sababu mimi Muhindi, sivyo? Kupiga dramu nafaa, kuoa sifai."

Maneno hayo yalimchoma Jedidah. Alitaka kupaza sauti kwamba sivyo, sivyo hata kidogo, lakini kumjibu mkwe kutoka stoo kungekuwa aibu juu ya aibu. Alibaki ameng'ata upindo wa leso, machozi yanamlengalenga.

Ikabidi Zephaniah aeleze. Alieleza alivyokwenda kuposa Vihiga, na jinsi mama yake Jedidah kila akimwona anatokomea migombani. Bibi yule alikufa hajamtazama mkwe wake usoni hata mara moja.

"Na nilijua ananipenda," Zephaniah alisema. "Kila nilipofika, migomba ilitikisika."

Stooni viazi vikaporomoka. Zephaniah akakohoa kuficha kicheko. Hemant aliutazama mlango wa stoo kitambo, kisha akaweka kikapu mezani, akaaga, akaenda zake. Kama ameelewa au ameondoka na donge lake, Jedidah hakuweza kujua.

Jioni wifi yake Jane alipiga simu kutoka Barking. "Wee Mama Dinah, nasikia unajificha na viazi! Huyo ni Muhindi bwana, si mkwe wa kuonewa haya. Imba zako."

"Kama si mkwe, binti yangu ameolewa na nani?" Jedidah alifoka, akabwaga simu.

Lakini Jane alikuwa amegusa pale pale penye kidonda. Kumtazama Hemant machoni kama zamani kungekuwa kutangaza kwamba ndoa ya Dinah ni ya mchezo. Zephaniah alipewa heshima nzima, mume wa Dinah apewe nusu kwa ajili ya rangi? Haiwezekani. Na bila kumtazama hakuna bendi. Wimbo wao wa mwisho, ule wa polepole, humalizika pale mwimbaji anapogeuka na kumwinulia mpiga dramu mkono, wote wawili wakakata pamoja. Tangu ndoa ile alikuwa akisingizia zamu za hospitali; sasa akakata shauri kuacha kuimba kabisa. Miaka yote aliwageuza wagonjwa vitandani akiingoja Jumapili, na sasa hata Jumapili hana. Usiku huo alimenya maembe ya mkwewe, akayala yote peke yake, akilia.

Jumapili alikwenda baa akae nyuma, karibu na mlango, kama msikilizaji yeyote. Alipoingia, alisimama pale pale mlangoni. Dramu zilikuwa zimegeuzwa kuelekea ukutani. Hemant alikuwa amekwisha keti, mgongo kwa ukumbi mzima, anakaza skrubu ya sahani ya shaba ya dramu zake kana kwamba ndivyo bendi zote zinavyokaa. Wazungu wa baa walinong'onezana.

Dinah alimjia, akaongea kwa Kiingereza kama kawaida yake. Alisema Hemant amekuja mapema, amezigeuza mwenyewe. "Anasema mama yake alijifunika uso mbele ya baba mkwe wake miaka yote Kisumu, kwa hiyo usidhani wewe ndiye wa kumfundisha adabu. Haya, Mum, panda."

Jedidah akapanda. Aliimba akiitazama hadhira, saksafoni ya Zephaniah ikimfuata upande wa kushoto, na mkwe nyuma yake anasugua ngoma kwa brashi za waya. Ulipofika wimbo wa polepole, hofu ilimshika. Nani atampa mkwewe ishara? Alilivuta neno la mwisho, akalishikilia, na kwa mazoea akainua mkono ambao hakuna wa kuuona. Pumzi yake ilipokatika, brashi zilinyamaza nayo. Mkono ulibaki hewani.

Ukumbi ulipiga makofi. Kama desturi, Jedidah akataja wapigaji kwa Kiingereza chake cha wodini: kwenye saksafoni Zephaniah, kwenye besi Dinah. "Na kwenye dramu," alisema, akakwama. Watu walingoja. Jina lilikuwa pale pale kinywani na halikutoka.

Akaacha Kiingereza. "Na huyo mnayemwona mgongo," alisema kwa Kiswahili, "ni mkwe wangu."

Ukumbi haukuelewa, ukapiga makofi tu. Hemant, mtoto wa Kisumu, alielewa. Mabega yake yalitikisika mara moja, mara mbili. Alijifuta uso kwa mkono wa shati, akazishika tena brashi, na hakugeuka.