Kijicho cha Koleta

Koleta alikuwa akisugua sufuria nyuma ya nyumba yao, Same mjini, sabuni ilipomwasha kiganjani. Akageuza mkono, akaona jicho dogo limeota chini ya kidole cha shahada, jekundu kwa povu.

Mama yake akalisafisha kwa maji ya vuguvugu. "Hicho ni kijicho, mwanangu. Marehemu shangazi yako naye alikuwa nacho, chake kiliota gotini. Unamwonea nani?"

"Careen," Koleta akasema, maana kuficha hakukuwa na faida tena.

Careen alikuwa mwenzake wa shahada ya uzamili katika mradi wa kuchunguza virusi vya sotoka ya mbuzi. Koleta ndiye aliyeshinda juani kule Ndungu akiwatoa mbuzi damu, suruali imejaa miiba. Careen alishinda kivulini na kompyuta, na msimamizi wao, Dokta Bartholomeo, akamchagua yeye kwenda Ulaya kuyasoma matokeo mkutanoni kwa jina lake mwenyewe. Roho ilimuuma Koleta. Ilimuuma akila, ikamuuma akisali.

Lakini kijicho nacho kilikuwa na kazi yake. Bomani kwa mzee Loishiye, ambaye mbuzi wake walikuwa wakifa kwa kuhara, Koleta alishika kichupa cha damu akaviona virusi waziwazi, vimetapakaa kama dengu zilizomwagika. Vingine vilikuwa vya aina isiyomo vitabuni. Akamwonyesha mzee mbuzi wa kutenga.

"Ahsante, Daktari," akasema Loishiye, akaenda kuwatenga.

Careen, aliyekuwa amekuja siku hiyo kupiga picha za mradi, akashusha kamera. "Mimi hajawahi kuniita hivyo," akasema.

Koleta akapeleka habari kwa Dokta Bartholomeo. Dokta akakitazama kijicho, kijicho kikamtazama. Kisha akatoa kibandiko droani, akakibandika kwenye kifundo cha mkono wa Koleta: MALI YA MRADI.

"Ugunduzi mzuri sana. Careen atauongeza kwenye mada yake."

"Lakini Dokta, jicho ni langu."

"Mkono ndio wako, Koleta. Careen anaongea vizuri. Usituharibie."

Siku ya safari Koleta alimsindikiza Careen stendi, kwa sababu watu wangesema asipokwenda.

"Usinionee kijicho, shoga yangu," Careen akasema, akicheka kidogo.

Wakapeana mikono. Koleta akahisi kope za mtu mwingine zikipepesa kwenye kiganja chake. Careen akatia mkono mfukoni, akapanda basi na matokeo yote, na jina la Koleta halikuwamo popote.

Basi lilipoondoka, Careen akapunga mkono dirishani. Kijicho chake kilikuwa kikubwa kuliko cha Koleta, tena chenye kope ndefu. Hilo nalo likamuuma.