Jumapili Isiyolia Kengele

Modesta alikuwa anaanza ubeti wa pili alipowaona askari watatu wakiingia ukumbini. Aliruka neno moja la wimbo. Akaendelea. Watu mabenchini hawakugundua kitu. Padre aligundua.

Ukumbi ulikuwa wa chuo cha walimu cha misheni, mlimani juu ya Morogoro. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya chakula cha mchana, kwaya ya chuo iliimbia watu, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Walishuka kutoka vijiji vya juu, wengine wakapanda kutoka mjini, Wakristo kwa Waislamu. Sheria ya Padre ilikuwa moja: kaa kimya mpaka wimbo uishe, ndipo upige makofi. Akiinuka mtu, Padre anatikisa kengele yake ndogo ya mkononi, na mtu anakaa.

Sheria hiyo ilimchoma mzee Stambuli, mjomba wake Modesta. Jumapili ya kwanza kabisa aliinuka na kichane cha ndizi, akacheza hadi mbele kumtunza mpwa wake kwa zawadi hiyo, kama watu wafanyavyo ngomani tangu enzi na enzi. Kengele ikalia. Akatolewa kupitia kimlango cha nyuma, yeye na ndizi zake.

"Mtu anaimba mpaka mishipa ya shingo inamsimama, nanyi mmekaa kama magunia ya mtama," alimwambia Modesta siku ile. "Faida yake nini, muziki wa kutazamana?"

Hata hivyo hakukosa mwezi hata mmoja. Alikaa benchi la mwisho, akanuna mpaka mwisho.

Sasa askari wawili walisimama mlangoni na bunduki zao. Wa tatu, mkubwa wao, ombasha mwenye shingo nene, alikwenda moja kwa moja kwa Padre, hatua tatu tu kutoka aliposimama Modesta. Kwaya ilikuwa inaitikia, naye akasikia yote.

"Vita vya Wazungu vinataka wapagazi, Padre. Tangu Gairo mpaka hapa vijiji ni vitupu, wanaume wanatukimbilia porini. Tukaambiwa huku hujikusanya wenyewe." Ombasha akavuta kiti, akakaa. "Waache wamalize, sitaki vurugu na wanawake. Wimbo ukiisha, wanawake watoke, wanaume wabaki."

"Hii ni nyumba ya misheni," Padre alisema.

"Naiona. Na mlango wake ni mmoja."

Modesta hakugeuka. Nyuma yake, kwenye ngoma, alikuwa Severini, mumewe wa miezi minne. Mwaka uliopita walichukuliwa wapagazi kumi na mmoja kijijini kwao. Alirudi mmoja, na huyo mpaka leo hasemi na mtu.

Lakini mlango haukuwa mmoja. Mgongoni mwa kwaya lilitundikwa jamvi kubwa, na nyuma ya jamvi kulikuwa na kile kimlango cha kuinama, Padre alichokitoboa ili waimbaji waingie bila kupita katikati ya watu. Kilitokea kwenye ua wa matete, kisha migomba, kisha mlima. Tatizo lilikuwa hapa: mtu atainukaje benchini na kufika huko, bunduki zinamtazama?

Wimbo ulikuwa na beti nne. Modesta aliimba wa nne, akaurudia. Mwalimu Agustino, aliyeongoza kwaya, akamkazia macho. Akaurudia tena. Ombasha akaanza kugongagonga goti kwa vidole.

Hapo Modesta akamtafuta mjomba wake kwa macho juu ya vichwa vya watu, akafanya jambo ambalo kwaya haikufundishwa. Alinyoosha viganja vyote viwili mbele, kama mwimbaji wa ngomani anayedai kutunzwa.

Mzee Stambuli alimtazama. Akawatazama askari. Akalitazama jamvi. Kisha akainuka.

Mkono wa Padre ulikwenda kwenye kengele. Modesta aliuona, akazidi kuimba. Padre aliiinua kengele, akaitazama, akaingiza vidole ndani akaushika ulimi wake. Akaiweka mapajani, ikabaki hapo.

Mzee alicheza taratibu mpaka mbele, akamvisha Modesta kofia yake, akazunguka nyuma ya jamvi kushoto, akatokea kulia akirudi benchini. Ukumbi mzima ukaiona njia.

Akainuka mama mmoja, Veronika, na mwanawe kijana, Kasiani, mikono juu. Waliingia wawili, akatoka Veronika peke yake. Wakainuka wengine, huyu na gimbi, yule na kitambaa. Wanawake walizunguka mara mbili, mara tatu, vumbi likatimka, na kila mzunguko mabenchi yalikuwa mepesi kidogo.

"Kumbe mnajua kufurahi," ombasha alisema. Akainuka na leso yake, naye akacheza kuelekea mbele, kuelekea kushoto mwa jamvi. Modesta alimkingia njia kwa mabega, akaipokea leso, akacheza naye uso kwa uso, akimrudisha hatua kwa hatua mpaka kitini. 

Wanaume wa kwaya nao walikwisha kupenya mmoja mmoja; akabaki Severini. Ngoma ikinyamaza, wimbo umeisha.

"Toka hapo," mzee Stambuli alimwambia, amekwisha kuchuchumaa kando yake. "Unapiga kama unatwanga kisamvu."

"Na wewe, mjomba?"

"Mzee kama mimi atabebeshwa nini? Nenda, bwana, mkono unapoa."

Pigo moja likapotea. Ombasha akageuza kichwa. Ngoma ikashika tena, nzito zaidi, na Severini hakuwapo.

Waliimba mpaka sauti zikakauka. Wimbo ulipokoma, ombasha aliona wanawake, watoto na wazee saba.

"Wanaume wako wapi?"

"Wamekwenda kukutafutia zawadi," mzee Stambuli alisema.

Walimpiga kitako cha bunduki begani. Wakambebesha ile ngoma kichwani, wakamteremsha mlima.

Siku nne Modesta alikaa barabarani bila kula. Severini alikuwa salama mlimani, mjomba mikononi mwa askari, na hilo ndilo lililomtesa. Ya tano, mzee alitokea kwenye kona ya migomba, miguu imevimba, bila ngoma.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wameniacha Ngerengere. Wamesema nachelewesha vita." Akajishusha kwenye jiwe, akashika bega. "Lakini nyie watu wa misheni hamna adabu. Nimepiga ngoma jioni nzima, hakuna hata mmoja aliyenitunza."

Modesta alivua shanga zake, akamvisha shingoni.

"Hivyo hivyo tu?" mzee aliuliza. "Bila kucheza?"