Mtoto wa Marehemu Symphorien

Udongo wa kaburi la Symphorien ulikuwa haujakauka, watu wakaanza kumgombania mtoto wake. Walianza palepale matangani, sahani mkononi, huku wakijifanya wanaulizana habari za safari.

Mtoto mwenyewe, Clotilde, alikuwa msichana wa miaka saba. Baba yake alikuwa mtu wa Kasai, fundi wa reli, aliyekuja mji wa Élisabethville akiwa kijana na akaishi humo mpaka mapafu yalipomshinda, mwaka wa arobaini na nane. Mama yake, Mwansa, alikuwa mtu wa Sakania. Sasa, kwa watu wa Sakania mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Kwa watu wa Kasai mtoto ni wa baba, basi. Symphorien na Mwansa walilijua hilo tangu uchumba wao. Wakacheka, wakasema wao ni watu wa mjini, watajua la kufanya. Hawakujua. Watu wawili wakipendana huwa na kiburi cha namna hiyo.

Miaka yote saba mtoto alilelewa kwa kuvutwa huku na huku. Mama yake Symphorien, bibi kizee ambaye Clotilde alimwita Kaku, alimfundisha Kiluba, lugha ya kwao, na kumkanya asile kwa watu wa Sakania bila ruhusa. Zéphirin, kaka mkubwa wa Mwansa, alikuja kila Jumapili kumwambia asijitie Ukasai, kwamba damu yake ni ya kwao. Clotilde aliwatii wote, kila mmoja kwa zamu yake. Symphorien alikaa katikati, akimtuliza mama yake kwa maneno matamu na shemeji yake kwa pombe. Alipokufa, hapakuwa na mtu wa katikati tena.

Nyumba yao ya kambi ilitakiwa kurudishwa kwa kampuni ya reli mwisho wa mwezi. André, mdogo wake marehemu, karani mwenye tai na maneno ya Kifaransa, akatamka yaliyoamuliwa na ukoo: Kaku anarudi Kasai kwa treni ya Alhamisi, na Clotilde anakwenda naye. Mwansa akitaka kumfuata mtoto, amkubali yeye André awe mume, maana kwa desturi yao ndiye anayemrithi mjane wa kaka yake. Mwansa akamtazama mke wa André aliyekuwa amesimama pale pale na beseni la vyombo, akasema hapana.

Kesi ikaenda kwenye baraza la cité, yaani mji wa Waafrika, katika mtaa wao ulioitwa Kenya. Chumba kilijaa. Upande mmoja watu wa Sakania, upande mwingine watu wa Kasai, na Clotilde akaketi kwa Kaku, kichwa mapajani mwake, kwa sababu pale ndipo alipozoea. Mzee Émile, mkubwa wa baraza, akamwita Zéphirin mbele.

“Wakati banaleta mali ya ndoa, ulipokea nini?”

“Nguo ya mama, mazee. Na mbuzi mumoja.”

“Ile mbuzi mulifanya nayo nini?”

“Tulikula!” Zéphirin akapiga tumbo lake. “Ilikuwa na mafuta, mazee, hata majirani balishiba!”

Watu wa Sakania wakacheka. André hakucheka. Alisimama, akanyoosha tai.

“Mazee, umesikia kwa kinywa yake mwenyewe. Kwetu, muntu akikula mbuzi ya ndoa, amesema batoto bote ba ile ndoa ni ba baba. Asingekula kama hakutaka.”

“Ile ilikuwa nyama ya heshima!” Zéphirin akapiga kelele. “Mukwe analeta nyama, tunakula, tunasema aksanti. Nani aliuzaka mutoto juu ya mbuzi?”

Lakini wazee walikuwa wameshainamiana, wakinong’ona na kutikisa vichwa. Mwansa alivitazama vile vichwa, akajua kwamba wanamkubali André. Kutoka hapa mpaka Kasai ni siku tatu za treni. Mtoto akipanda Alhamisi, hatamwona tena, au atamwona akiwa mke wa mtu asiyejua hata lugha ya mama yake. Akasimama bila kuitwa.

“Clotilde hapana mutoto wa Symphorien.”

Ulikuwa uongo mtupu. Mwansa hakuwahi kulala na mwanamume mwingine maishani mwake. Alihesabu haraka haraka: watamwita malaya, watamtemea mate, yatapita. Aibu alikuwa tayari kuibeba. Asilolijua, kwa kuwa hakuzaliwa kwao, ni maana ya neno lile masikioni mwa watu wa Kasai.

Kaku akainuka polepole.

“Uliweka mwanaume mungine, na haukuambia bwana yako?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi ni wewe.” Sauti ya kizee haikupanda. “Kwetu mwanamuke akificha ile neno, bwana yake anakufa. Kila siku niliuliza Mungu, ni nini iko nakula mapafu ya mwana yangu. Ilikuwa wewe. Ulimupikia chakula, ulimuosha, na ulikuwa unamuua.”

Mwansa akafungua kinywa. Akikanusha, mtoto anakwenda Alhamisi. Akakifunga.

Clotilde, asiyeelewa kitu ila kwamba Kaku analia, akanyoosha mikono amshike. Kizee akaificha mikono yake nyuma ya mgongo. Kisha akatoka, na watu wake wote wakamfuata.

Mzee Émile akaamua kwa maneno machache: mtoto asiye na baba ni wa ukoo wa mama yake. Nje, Zéphirin alimkumbatia dada yake, akimsifu kwa akili. Mwansa alitamani kumpiga kofi.

“Mama,” Clotilde akauliza, “baba yangu ni nani?”

Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi. André alikuwa bado mlangoni, akizungumza na karani wa baraza. Mwansa akafikiri: nitamwambia nyumbani. Halafu akajua kwamba mtoto wa miaka saba hawezi kufunga siri, na kwamba huyu angekimbia nayo moja kwa moja kwa Kaku. Si leo, si kesho, wala mwaka ujao.

“Muntu mumoja wa kupita. Haumujue.”

“Na baba wa ku nyumba?”

“Yule alikuwa bwana yangu tu.”

Clotilde akamtazama mama yake kama mtu anayemtazama mgeni.

“Sasa juu ya nini muliniacha nimulilie?”

Mwansa akamshika mkono, na mtoto akautoa.