Usukani Uliokazwa

Fundi baiskeli mmoja watu walimwita Kaza, na jina hakupewa bure. Kilichopita mikononi mwake hakikulegea tena. Mafundi wenzake aliwacheka hadharani: "Kazi zenu zinacheza kama meno ya bibi!" Basi dada yake mkubwa, mkunga wa zahanati, alipomletea baiskeli akilalamika kwamba usukani unacheza, Kaza alishika spana akaikaza nati ya shingoni mpaka jasho likamtoka. Usukani ukawa haugeuki ila kwa kulazimishwa.

"Hapo sasa!" akasema. "Hata tembo hautikisi."

Kesho yake dada akaanguka. Barabara imenyooka, kavu, hakuna hata kuku wa kumkwepa.

Kaza aliichukua baiskeli, akaisukuma tupu, kisha akaiachia. Baiskeli isiyo na kasoro ukiiachia hivyo hukimbia peke yake kitambo. Hii ilienda hatua nne ikalala ubavu. Akaelewa palepale, maana kazi aliijua. Baiskeli inayokwenda huanza kuanguka kila wakati. Ila ikiinamia upande, usukani hujipinda upande huohuo, magurudumu yakarudi chini ya uzito, nayo ikainuka. Yeye alikuwa ameunyima usukani nafasi ya kujipinda.

Dakika moja ya spana ingetosha. Lakini mafundi wawili wa jirani, walewale aliowacheka, walikuwa wamesimama mlangoni wakiuliza kulikoni.

"Dada kashikwa na kizunguzungu," akasema Kaza. Loh, ulimi hauna mfupa! Dada mwenyewe akaja mbiombio, anawahi kwa mama mjamzito, akaichukua baiskeli vilevile. Nitailegeza jioni, Kaza akajiambia. Jioni ikapita, na nyingine.

Neno la kizunguzungu likafika nyumbani kabla ya dada. Mama yao akalipokea kwa machozi: "Hata mimi ninacho. Nimemrithisha mwanangu." Dada akaanguka mara ya pili. Mara ya tatu akavunjika mkono. Daktari akahisi kizunguzungu kinatoka masikioni, na mkuu wa zahanati akaamua kwamba hata akipona atabaki mezani akiandika kadi. Wajawazito wa mbali watafuatwa na mwingine. Mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa ule akaitika tu.

"Iuze hiyo baiskeli, mdogo wangu," akamwambia Kaza. "Mwili umenikataa."

Kaza hakuiuza. Angeweza kuilegeza kimyakimya, lakini nani angepanda? Siku ya tatu asubuhi akaikokota mpaka uani kwa mama, ambako dada alikuwa akiuguzwa. Akaisukuma tupu mbele yake. Ikaanguka. Akatoa spana, akalegeza nati, akaisukuma tena. Safari hii ikayumba, ikajipinda, ikajiweka sawa, ikaenda mpaka ukutani.

"Dada, baiskeli haina masikio," akasema. "Huumwi. Ni mimi niliyeubana usukani."

Dada akamgeukia.

"Umejua lini?"

Alitaka kusema jana. Mungu shahidi, neno jana lilishamfika mdomoni.

"Ulipoanguka mara ya kwanza."

Dada akaushika mkono wake wenye plasta, akaupakata. Hakupiga kelele, na heri angepiga.

"Nenda kamwambie mama," akasema. "Mimi usiniambie kitu leo."

Mama alikuwa jikoni, anapasha mafuta ya kumtia bintiye masikioni. Alipomwona Kaza uso ukamnyauka. Akaepua sufuria, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Afadhali umekuja, baba," akasema. "Kaa hapa. Nilikuwa nataka nikuombe radhi na wewe, maana ugonjwa wangu huu, nani ajuaye, labda na wewe nimekupa."

Kaza hakukaa. Alipiga magoti sakafuni, akaanza kusema.