Waliomwandika Shefu Casimir

Ntumba alikuwa akitoka benki, katikati ya Lubumbashi, mwanamke wa ofisi moja ya ajira alipompigia simu.

"Madame Ntumba, tulimpigia Monsieur Casimir, yule uliyemwandika kwenye CV ili tumuulize habari zako. Alipokea mwanamke. Akaanza kulia, akakata. Kuna nini?"

Ntumba aliahidi kwenda kuuliza. Casimir alikuwa shefu wake, mkuu wake wa kazi, katika kampuni ya malori. Ndiye aliyemfundisha uhasibu, na ndiye aliyemtetea wakubwa walipotaka kumwachisha kazi kwa sababu ya mimba. Tangu kampuni ifungwe, kila alipoomba kazi aliandika jina la Casimir bila hata kumwarifu. Alijua atamsemea vizuri tu.

Akachukua teksi mpaka Kasapa, nyumbani kwa Casimir. Mkewe, Maman Christiane, alikuwa ameketi uani, amevaa nguo nyeusi. Ntumba akaelewa kabla ya kuuliza.

"Tulimuzika mwezi uliopita," alisema Maman Christiane. "Moyo. Simu yake sijaifunga, sababu ya bantu kama weye. Mutale, Nono, Kalaba, benzako ba kampuni, bote munamuandika ku CV. Wale ba ofisi banapiga, nawaambia amekufa. Banasema pole, kisha banauliza kama iko mwengine mwenye anakuyua. Leo banakutaja weye, nikashindwa, nikakata simu. Na ku kilio, hata mumoja wenu hakufika."

"Mama, sikuyua kama alikufa."

"Ungeyua aje? Hamukuwa munamupigia. Benye walikuwa banamupigia ni wale hawamuyue."

Ntumba akakaa chini, akalia. Maman Christiane alimwacha alie mpaka akatulia, kisha akamletea maji.

"Mara ya mwisho ba ofisi walimuuliza juu yako, alikuwa hospitali," alisema kwa sauti ya chini. "Pumzi ilikuwa inamukatika, lakini akawaambia, 'Ntumba? Mumukamate ku kazi, hamutajuta.' Alipomaliza akaniuliza, 'Huyu mutoto Ntumba anaendelea aje?' Hata miye sikuyua."

Kesho yake Ntumba alieleza mambo yote kwa ofisi ya ajira. Walimpa pole, wakamtaka alete jina la shefu mwingine. Hakuwa naye. Kazi akapewa mtu mwingine.

Aliwaandikia wenzake wote wa zamani: Shefu amefariki, toeni jina lake kwenye CV zenu, na Jumapili tukamwone Mama. Wengi walijibu kwa neno moja la pole. Mutale alisema yuko Mitwaba, barabara ni mbaya.

Jumapili alikuja Kalaba peke yake, na mfuko wa unga begani. Aliutua mfuko, akachukua ufagio akafagia uwanja. Alipomaliza, akaketi karibu na Ntumba. Maman Christiane akaanza kuwasimulia ugonjwa wa mumewe tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyemkatiza.