Kesho ya Mbelwa

Usingizi hauna adabu, ndugu zangu. Unamkuta mtu hata pale alipokwenda kufanya ubaya. Unamkuta Mwanahawa mchana kweupe, kwenye mkeka wa chumba cha utulivu, kile ambamo mtu wa kituo hiki cha kazi za mikono akizidiwa na kelele huenda akajikalia peke yake. Kaja kumchukua kaka yake, Mbelwa, mtu mzima na ndevu zake, mwenye usonji, ambaye kila siku hushinda hapa na wenzake wakisuka kamba za katani. Leo anamchukua moja kwa moja. Mumewe kasema imetosha, wageni wa posa ya binti yao wanakuja na shemeji hachelewi kupiga ukelele mbele za watu. Apelekwe Kilindi kwa mjomba. Begi liko garini, mume yuko garini, na Mbelwa hajaambiwa lolote. Hapo ndipo penye ubaya. Kituoni hapa Mwalimu Mwajabu hahamishi hata meza bila kuwaambia watu wake jana yake, maana Mbelwa jambo la ghafla humvuruga hata asijue mikono yake aiweke wapi. Asubuhi kauliza, Hawa, kesho nakuja kusuka? Na yeye Hawa, dada mtu, kamjibu, Tutaona, kaka. Sasa roho inamsuta, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Anasema, ngoja amalizie kamba yake, mimi nijinyooshe kidogo.

Anajinyoosha, na mkeka unakuwa barabara. Barabara haina mwanzo, inakwenda na yeye anakwenda, na mbele kuna mji, na ndani ya mji kuna nyumba yake mwenyewe, ila mlango uko kushoto badala ya kulia na jiko liko mbele ya sebule. Pembeni yake anatembea mtu asiye na uso, pale pa uso pametandaa ngozi tupu, laini kama unga uliokandwa. Mwanahawa anamuuliza, Samahani, kaka yangu yuko wapi? Mtu yule anajibu, Tutaona. Anamuuliza, Na mimi napelekwa wapi? Anajibu, Si mbali. Haya, wanakwenda. Anakaribishwa chai, anakaa, anashika kikombe, kikombe kinaondolewa mkononi na kiti kinavutwa, na mji umeshakuwa mwingine, nyumba ni ile ile lakini sasa iko juu chini na watu wanatembea darini kana kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu jana. Mbona hamkuniambia? anauliza. Mtu mwingine asiye na uso anamjibu, Usijali, baadaye kidogo. Baadaye lini? Mungu akipenda. Jamani, mtu ataishije kwa majibu kama hayo? Anakwenda, barabara inakunjwa, anarudi alikotoka na alikotoka hakupo, kila mmoja anajua kinachofuata isipokuwa yeye, na sauti inayomjibu kila mahali ni laini, ya heshima, ya kubembeleza. Anaijua sauti hiyo. Ni yake. Ndiyo anayomjibia Mbelwa tangu mama yao alipokufa. Mwanahawa anachuchumaa katikati ya njia, anaziba masikio, anajitikisa mbele na nyuma, mbele na nyuma, na wale wasio na nyuso wanapita wakiambizana, Mtazameni huyu, kapagawa, mfungieni ndani wageni wasimwone. Anataka kusema, Sijapagawa, naogopa tu, lakini ulimi mzito. Kumbe ndivyo inavyokuwa, anawaza, na aibu inamshika hata anatamani ardhi ile isiyotulia immeze.

Ndipo anapomwona Mbelwa anakuja, na uso wake upo wote, ndevu zipo, macho yanatazama pembeni kama kawaida yake. Mbelwa hamwambii tutaona. Anamwambia, Hawa, kwanza tutasimama. Halafu tutatembea mpaka darajani. Halafu nitakuachia mkono, na utaamka. Wanasimama. Wanatembea, na ajabu, barabara inatulia chini ya miguu yao, na daraja liko pale pale aliposema lipo. Mwanahawa anashindwa kujizuia. Anasema, Kaka, kesho huji kusuka. Tunakupeleka Kilindi kwa mjomba, na sijui kama utarudi. Nimekuficha, kaka, nimekuonea haya, wewe ambaye hujawahi kunionea haya. Mbelwa anafikiri kidogo, anasema, Haya. Basi, haya tu, kama mtu aliyeambiwa ugali umeiva. Mwanahawa analia kwa faraja, mzigo umeshuka, kasema na dunia haikupasuka. Mbelwa anamwachia mkono.

Mkeka uko chini ya shavu lake. Mlango uko kulia, au ulikuwa kushoto? Mbelwa kasimama juu yake, mikono imejaa nyuzi za katani, anauliza, Hawa, kesho nakuja kusuka? Mwanahawa anaketi, anapangusa macho, anatabasamu. Si nimeshakuambia, kaka? Hujaniambia, anasema Mbelwa, ambaye hajawahi kusema uongo maishani mwake. Umesema tutaona. Nje, mume anapiga honi. Mwanahawa anatazama kuta kama zitahama, maana zikihama atakuwa bado usingizini na hatalazimika kusema mara ya pili. Kuta hazihami. Ila hata kule darajani barabara ilikuwa imetulia. Basi anavuta pumzi, anasema yale yale, kwa mpangilio ule ule, kwanza gari, halafu Kilindi, halafu mjomba, na kwamba hajui kama atarudi.

Safari hii Mbelwa hasemi, Haya. Anaketi chini pale alipo, anajifunika kichwa kwa zile nyuzi, na anaanza kulia kwa sauti ambayo dada yake hajaisikia tangu siku ya maziko ya mama. Honi inalia tena. Mwanahawa hajui mkeka huu ni ule wa chumbani au ule uliogeuka barabara, na anamwomba Mungu, kwa roho yake yote, hii ndiyo iwe ndoto.