Chumba cha Ngazi Kumi na Nane

Bibi Pindo, aliyepewa jina hilo kwa mapindo yake ya nguo yasiyoonyesha uzi, alikuwa na siri moja: macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Na leo mafundi saba wa kikundi chao cha ushonaji walitakiwa kuchagua chumba kipya kabla ya saa sita. Cha chini kilikuwa barabarani, wateja tele, lakini giza mchana kweupe. Cha juu kilikuwa na ngazi kumi na nane na mwanga wa kumwaga. Kikichukuliwa cha chini, kazi ya Bibi Pindo imekwisha.

Mara tatu walinyoosha mikono, na mara tatu mikono yote ilifuata wa mwenyekiti wao, waliyemwita Kamanda, kukichagua cha chini, ingawa hakuna uso ulioridhika. Hata wa Bibi Pindo. Aseme nini, kwamba haoni?

Ndipo mjukuu wake akafungua kompyuta juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Programu hii haitaki ndiyo na hapana tu, bibi zangu. Inauliza kiasi gani. Kila mtu ataweka alama zake, sifuri mpaka kumi, halafu yenyewe itazichanganya."

"Kwani ni saruji?" Kamanda akadakia. Wakacheka.

Wakaingia mmoja mmoja nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Kila chumba kikapewa alama za mwanga, wateja na ngazi. Kisha kila fundi akachagua jambo lipi lina uzito kwake kidogo, kiasi, au sana. Kwenye mwanga Bibi Pindo akabonyeza "sana".

Majibu yakatoka. Cha chini kimeshinda, tena kwa unywele! Kamanda akashika simu ampigie mwenye nyumba.

"Ngoja!" mjukuu akapaza sauti. "Mwanga wa chumba cha juu, sita mmeupa tisa au kumi. Mmoja ameupa mbili na robo. Mbili na robo?"

Mama Vifungo akajikohoza, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni. "Ni mimi. Lakini sikukisia, mwanangu! Nilipanda nikalipima dirisha mwenyewe. Futi mbili na robo, upana."

"Shoga, ulitaka kulishonea kaptula?" Kamanda akauliza, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Mama Vifungo akarudi mbio nyuma ya pazia, akaweka tisa. Shingo zikarefuka juu ya kioo cha kompyuta. Cha juu kikapanda, kikapanda, kikapita! Na chini yake maandishi: mwanga, "sana", watu sita kati ya saba.

"Sita?" Bibi Pindo akashindwa kujizuia. "Na mimi nilidhani niko peke yangu na macho yangu haya!"

"Peke yako wapi, dada?" Kamanda akasema. "Mimi uzi naupenyeza kwenye sindano kwa kubahatisha tangu mwaka juzi."

"Na mkono ukanyoosha kwa cha chini!"

"Si niliona wote mmenyoosha!"

Ikiwa saa sita kasoro dakika nne, Kamanda akapiga simu. Kabla hajamaliza hata salamu, Bibi Pindo alikwisha kuikumbatia cherehani yake.

"Mama Vifungo, shika huku! Dirisha la kushoto ni langu!"